Pimamaji ya Bei Chee

Kwa mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto, kuanzia yule mkubwa mpaka huyo anayeanza kutambaa. Shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuituma, marahaba. Goti la shemeji linaendeleaje? Na kifua chako, kile cha vumbi la saruji, kinakuacha ulale? Sisi huku tupo. Mke wangu anasumbuliwa na jino lakini hataki ling'olewe, anasema ndilo la mwisho linalofanya kazi upande wa kushoto. Mimi ni mzima kama chuma. Miaka sabini na miwili na bado napanda ngazi bila kushikwa mkono. Juzi vijana wawili walishindwa kuinua boriti, nikawaambia wakae pembeni wamwachie mwanaume. Sitasema kwamba niliiinua, ila pembeni walikaa.

Najua simu zangu huzipokei. Shemeji akipokea anasema umetoka, na nyuma yake nakusikia ukikohoa. Sikulaumu. Ndiyo sababu nimeshika kalamu, na unajua mimi na kalamu hatukuwahi kuelewana. Nilisoma madarasa manne tu, na hilo la nne nililirudia. Barua hii nimeiandika siku tatu. Anayekuletea ni dereva wa lori la saruji, yule mwenye pengo, na nimemwambia akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka akuone umeifungua. Isome mpaka mwisho, tafadhali. Jambo lenyewe nimeliweka huko mwisho kwa woga.

Naandika juu ya ule ukuta wako wa zahanati. Unaukumbuka kuliko mimi, lakini niache niusimulie kama ilivyokuwa, maana kwa miezi minane umesimuliwa na watu wengi, na wengi wao hawakuwepo.

Nianze na duka. Unalijua lile duka la vifaa la bei chee, lililofunguliwa pale palipokuwa ghala la ngozi, lenye bango la njano na spika mlangoni inayopayuka tangu asubuhi. Nyundo zimejazwa kwenye matenga kama viazi. Misumeno imening'inizwa kama mitumba. Bisibisi zinauzwa thelathini kwa pakiti moja, na ukifika nazo nyumbani unakuta ishirini na tisa hazijawahi kusikia habari za skurubu. Ni mimi niliyesema kwamba nyundo za pale zikiona msumari zinainama kwa adabu. Ni mimi niliyesema kwamba koleo zake ukizibana zinaomba radhi. Watu walicheka, maneno yakazunguka mitaa yote, mpaka mwenye duka akanitumia mtu kuniomba nisimharibie riziki. Nikamjibu kwamba na yeye aache kuuza vijiko akiviita patasi.

Wewe ulipoanza uashi ulinunua mwiko pale, kwa kuwa ndio uliouweza. Nikakuuliza mbele ya watu kama umeununua wa kujengea au wa kupakulia chakula. Uliinamisha kichwa ukacheka pamoja nao. Mwiko ule umejenga nusu ya nyumba za mtaa huu, na mpini wake umekwisha kwa kiganja chako, na sikuwahi kufungua kinywa kulisema hilo.

Sasa sikiliza lililotokea siku tatu kabla ya ukuta. Nilikuwa peke yangu pale zahanati wakati wa chakula cha mchana, juu ya ngazi, napima fremu ya dirisha kwa ile pimamaji yangu ya mbao yenye pembe za shaba, niliyoachiwa na fundi aliyenifundisha. Ikaniponyoka ikaanguka kwenye sakafu ya zege. Kile kichupa chenye povu kikapasuka, maji yakatoka, nikabaki nimeshika ngazi natazama kipande cha ubao. Kisa ni vidole. Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia, cha kati na cha pete, vimeanza kulala bila kuniaga. Sijamwambia mtu. Hata shemeji yako sijamwambia, ingawa nadhani anajua, maana siku hizi chai ananijazia nusu kikombe.

Ningeweza kusema nimeangusha kifaa changu. Ningeweza kuja kwako ukaniazima chako, tulikuwa kiwanja kimoja. Nikaona wataniuliza ilikuwaje ikaanguka, na baada ya hapo watanitazama mikono. Kupata pimamaji ya maana ni safari ya siku nzima, na msimamizi wa ujenzi alitaka fremu kesho yake. Basi nikashusha kofia mpaka kwenye nyusi, nikaenda kwenye lile duka.

Binti wa kaunta alinijua kabla sijafika kwenye tenga. Akaniuliza kwa sauti ya kutangaza kama mzee amepotea njia. Nikamwambia namnunulia mtu mmoja anayeanza kazi. Akaichukua, akaifunga kwa gazeti taratibu kama anafunga zawadi ya harusi, akasema nimpelekee salamu huyo anayeanza, na kwamba asikate tamaa, wote walianza hivyo hivyo. Nilitoka mbio kidogo.

Nyumbani niliketi nyuma ya jiko nikaanza kuizeesha. Ile karatasi ya njano ya dukani niliibandua kwa mafuta ya taa na ukucha. Nikaipiga msasa pembeni, nikaipaka masizi, nikaipangusa kwa majani ya chai, nikaigonga gonga kwa kokoto ipate makovu. Mke wangu alisimama mlangoni akatazama weee, mwishowe akasema watu wote duniani wanahangaika kufanya vitu vya zamani viwe vipya, na yeye kaolewa na huyu. Nilitumia saa mbili nzima. Kuijaribu kama inasema kweli kungechukua nusu dakika: unaiweka ukutani, unaangalia povu, unaigeuza kichwa chini miguu juu, unaangalia tena. Povu likikaa palepale, ni nzuri. Likihama, tupa. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomfundisha kila anayeingia karakana yangu, hata kabla hajajua choo kiko wapi. Sikulifanya.

Kiwanjani walioizoea ile ya mbao waliniuliza mbona leo nimekuja na chuma. Nikasema ile inapumzika, na hii imetoka ng'ambo, imelala kwenye sanduku langu miaka ishirini na haitoki ila kwa kazi za heshima. Maneno yalinitoka yenyewe, unanijua. Na kila aliyeyasikia akaja kuishika, akaipapasa yale makovu ya kokoto, akatikisa kichwa kwa heshima.

Siku ya ukuta kamati ya zahanati ilikuja kukagua. Wewe ulikuwa umemaliza ukuta wa wodi ya wazazi mpaka kimo cha mlango, umeupiga brashi, umekaa juu ya ndoo unakunywa maji. Hakuna aliyeniomba nipime. Nilijiita mwenyewe. Niliwasogeza wanakamati na msimamizi wote waje waone kifaa cha ng'ambo kinavyofanya kazi, nikakibandika kwenye ukuta wako. Povu likakimbilia pembeni. Waliliona wote, maana nilikuwa nimewaita waone. Nikasema ukuta umelala, unaelekea nje.

Wewe hukupandisha sauti. Ulitoa timazi yako ukaining'iniza, uzi ukashuka sambamba na ukuta toka juu mpaka chini. Nikasema uzi unachezeshwa na upepo. Hapakuwa na upepo. Ndipo ukaniomba, tena kwa kuniita kaka, kwamba hebu niigeuze ile pimamaji mara moja tu. Nami nikakujibu mbele ya watu wote wale kwamba siwezi kufundishwa kazi na mtu niliyemfuta kamasi kwa mikono yangu.

Angekuwa mwashi mwingine angeninyang'anya akaigeuza mwenyewe. Wewe ulinyamaza kwa kuwa ni mimi.

Msimamizi akasema neno la mzee limetosha. Ukuta ukapigwa nyundo siku ileile, nawe umesimama kando unaosha mwiko, ukauosha mpaka ukang'aa, ukauosha tena. Kesho yake hukuja. Kabla ya wiki kwisha walikuwa wamekupa lile jina la Ukuta Mlevi, na kila kiwanja ulichokwenda kuomba kazi jina limekutangulia. Nasikia huko uliko unawachanganyia wengine saruji, na mwiko umeufungia kabatini. Nasikia watoto wanajua kwa nini.

Siku nane baada ya hapo nilimtengenezea mke wangu rafu ya jikoni. Niliipima kwa ile ile ya ng'ambo, povu likakaa katikati kama bwana harusi. Akapanga nyanya zake, zikabingirika zote zikaanguka upande mmoja. Akasema rafu ya fundi wake inafukuza nyanya. Nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Niliichukua ile pimamaji nikaiweka ukutani, nikaigeuza. Povu likahama. Nikaigeuza tena, likahama tena. Niliketi sakafuni katikati ya nyanya, na mke wangu akafikiri ni moyo.

Ungetegemea hapo ndipo nilipokimbilia kwa msimamizi. Sikukimbia. Nilienda kijiweni kwangu, pale kwenye chai, na jamaa waliponiuliza habari za ukuta wa mdogo wangu niliongeza chumvi. Nikasema ulikuwa umelala kiasi kwamba kuku angeupanda kwa miguu. Walicheka. Nami nikaagiza kikombe kingine.

Kuna zaidi. Ukuta mpya ulikuwa umeshajengwa na yule mwashi mpole, mwenye kofia ya sufu. Maskini, kila safu ya tano alikuwa akiniita nije nimpimie, nami nampimia kwa pimamaji ya uongo, naye anafuata. Kwa hiyo ukuta ulionyooka tuliubomoa, na uliolala tukausimika, na kuanzia siku ya nyanya nilikuwa najua. Mlango ulipofika zamu ya kutundikwa ulikataa. Nilifanya kazi ambayo sijawahi kuifanya tangu nishike randa: nilichonga mlango wa upogo ukubaliane na ukuta wa upogo, nikachomeka vipande vya mbao nyuma ya fremu, nikavifunika kwa ubao mwembamba na rangi. Kazi safi. Hakuna ambaye angegundua. Niliitazama nikajisifu kidogo, halafu nikaondoka kwa njia ya nyuma ya tangi la maji nisikutane na mtu.

Zahanati ikafunguliwa. Ule mlango haukai. Ukiufunga, baada ya muda unajifungua wenyewe polepole, na nje yake ndiko kwenye benchi wanakokaa wanaume kusubiri. Hebu fikiria, mama yuko kwenye uchungu, mlango unajifungua, na benchi zima linatazama. Manesi wakaufunga kwa bendeji. Bendeji ikikatika wanaweka tofali. Wiki iliyopita mama mmoja aliyejifungua usiku alipata nafuu akamwita msimamizi mwenyewe kwa simu, akamweleza kwa lugha ambayo siwezi kuiandika kwenye barua ya familia.

Msimamizi akaja na vipimo vyake. Ukuta umelala kuelekea ndani vidole vitatu vya mtu mzima. Akamwita yule mwashi mpole, akamwita na kila mtu aliyekuwepo, akaanza kumkoromea. Alisema waashi wa siku hizi wote ni wa aina moja, kwamba Ukuta Mlevi aliondoka, naye akapata pacha wake. Yule mwashi alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili, anarudia kwamba alifuata kipimo cha mzee. Msimamizi akanigeukia mimi nithibitishe kama mtu huyo anasema uongo. Alinigeukia kwa heshima yote, kama siku ile.

Mdogo wangu, nilimtazama yule mtu na kofia yake, nikakuona wewe na mwiko wako. Mara hii nilikuwa nimeambiwa niseme tena, na neno lilikuwa tayari mdomoni, zuri, lenye kuchekesha. Sikulisema. Nilienda kwenye sanduku langu nikaitoa pimamaji, nikaiweka ukutani mbele yao wote, nikaigeuza. Nikawaambia haikutoka ng'ambo. Nikawaambia imetoka kwenye tenga la lile duka la bango la njano, kati ya koleo na mapanga, na makovu yake niliyatengeneza kwa kokoto. Nikawaambia ukuta wa mdogo wangu ulikuwa umesimama, na wa huyu ni mimi niliyeulaza. Nikawaambia na habari za vipande nyuma ya fremu. Nilipoanza kusema sikuweza tena kuacha, ilikuwa kama gunia limepasuka.

Halafu yule mama anayeleta maji akaanza kucheka, akacheka mpaka akatua ndoo chini, akauliza kama nyundo zangu nazo zina adabu. Wakacheka wote. Mwashi mpole peke yake hakucheka. Alikuja akaichukua ile pimamaji mkononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaenda kuiweka mbali. Msimamizi aliniambia niende nyumbani nikapumzike. Hajawahi mtu kuniambia nikapumzike.

Hayo niliwaambia wao. Lililobaki sikumwambia mtu, nalo ndilo lililonishikisha kalamu.

Siku ile, kabla sijabandika pimamaji kwenye ukuta wako, nilisimama pale mlangoni nikautazama kwa macho. Nimetazama kuta miaka hamsini. Ukuta uliolala nauona kama unavyomwona mtu anayechechemea. Wako ulikuwa umesimama, mdogo wangu. Ulikuwa umesimama vizuri kiasi kwamba niliona wivu. Povu lilipokimbia nilijua palepale kwamba linasema uongo, na uliponiomba niigeuze nilijua unachojua. Lakini kama ningeigeuza wangeuliza inakuwaje kifaa cha ng'ambo kinaongopa, na ningelazimika kusema kimetoka wapi, mbele ya kamati, mimi niliyecheka vyombo vya kila mtu. Nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi mbili. Nikatazama ile pimamaji, nikakutazama wewe, nikachagua pimamaji. Siku nane zilizofuata nilijilazimisha kuliamini lile povu, mpaka nyanya zikanikatalia.

Watu huku sasa wanasema mzee alikosea, wananionea huruma, wanasema ni umri. Nimewaacha waseme. Wewe usiseme hivyo. Aliyekosea ni yule asiyejua. Mimi nilikuwa najua.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi hii. Nimejaribu kuuandika mara mbili nikakata, ulionekana kama ninajipamba. Nakueleza tu hali ilivyo. Ukuta utabomolewa Jumatatu ijayo, kina mama wamehamishiwa chumba cha pili. Msimamizi anasema hakuna atakayeujenga ila wewe, kama utakubali, na kama hutakubali atakuja huko mwenyewe kukusihi. Lile jina amelipiga marufuku kiwanjani. Mwashi mpole anasema atafurahi akifanya kazi chini yako.

Nami nimeomba kazi. Nimeomba nikuchanganyie saruji. Msimamizi alidhani natania, akacheka, akaona sicheki. Vidole vyangu nimemwonyesha, viwili vimelala lakini vitatu vinashika koleo ya kuchotea mchanga, na koleo haihitaji zaidi ya hapo. Ukija, kama hutaki kunisalimia usinisalimie. Wewe utakuwa juu ya jukwaa, mimi nitakuwa chini na mchanga na maji. Ukisema ni nzito nitaongeza maji. Ukisema ni nyepesi nitaongeza mchanga. Ukisema niimwage nichanganye upya mbele ya watu, nitaimwaga, na nitakuitikia kwa sauti wasikie wote: ndiyo, fundi.

Msalimie sana shemeji, mwambie asibebe ndoo na goti hilo. Wabusu watoto, na kama wanauliza, wasomee barua hii wewe mwenyewe, usiruke mahali. Shemeji yako anawasalimu nyote kwa jino lake moja. Anasema ukija utalala kwetu, kitanda kimetandikwa tangu nilipoanza kuandika. Dereva anarudi huku Alhamisi. Hata ukimpa neno moja tu la mdomo, atanifikishia.

Ni mimi kaka yako,
seremala